Kijana Anayesoma Biashara Si Adui Yetu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita mzee mmoja alisimama akasema maneno ambayo wengi waliyapigia makofi. Alisema: "Watoto wetu wa vyuo siku hizi hawataki kazi. Kila mmoja anasoma ujasiriamali. Wanataka kuwa matajiri, na kesho wao ndio watakaotunyonya." Mimi sikupiga makofi. Nilinyosha mkono, lakini wakati ulikuwa umekwisha na mwenyekiti akafunga mkutano kwa dua. Basi naomba nafasi katika karatasi hii nimjibu mzee wetu, kwa heshima, maana yeye alianza kulipa ada ya chama kabla mimi sijapata kitambulisho.

Nasema mzee ana nusu ya haki. Nusu ya pili amekosea, na kosa hilo laweza kukiua chama chetu katika Garissa, Wajir na Mandera.

KIJANA MWENYEWE ASEMAJE

Kabla ya kumhukumu mtu ni vizuri kumsikiliza. Nilimtafuta kijana mmoja anayesoma somo hilo katika chuo kimoja hapa mjini Garissa. Jina lake silitaji, wala la chuo. Nikamwuliza: "Mwanangu, kwa nini umechagua hili? Mbona hukuchagua ualimu, au uuguzi, au ufundi wa magari?"

Akanijibu: "Mzee, sababu ni tatu. Ya kwanza, baba yangu alikuwa na ng'ombe. Mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Ng'ombe walikwisha. Tulibaki na ngamia wawili na mbuzi wachache. Baba akaniambia nitafute mali isiyokufa kwa kiu. Ya pili, dada yangu alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Barua alizoandika za kuomba kazi zingejaza gunia. Hajapata hata jibu la kukataliwa. Ya tatu, shangazi yangu anauza maziwa ya ngamia sokoni tangu mimi sijazaliwa. Huamka saa tisa za usiku. Amelea watoto saba kwa maziwa hayo. Lakini mtaji wake wa leo ni ule ule wa miaka 20 iliyopita. Nataka kujua ni wapi anapokosea."

Ndugu zangu, je, huyu ni mvivu? Je, huyu anakimbia kazi? Mtu aliyeona ng'ombe wa baba yake wakifa, akaona cheti cha dada yake kikikaa sandukuni, akaamua kujifunza kazi ya shangazi yake kwa kalamu na hesabu, huyo mimi simwiti mnyonyaji. Namwita mtoto wa mfanya kazi. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika ukame ule. Wengi wa wanachama wetu hapa, walinzi, madereva, wapishi wa shule, walikuwa wafugaji au wana wa wafugaji. Wanajua anachosema.

SHANGAZI HAKUKOSEA

Sasa tulijibu swali lake, maana ni swali zuri kuliko mengi yaliyo katika vitabu vyake. Shangazi anakosea wapi?

Jibu langu ni hili: hakukosea. Watu wa huku hawahitaji mgeni wa kuwafundisha biashara. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Ng'ombe huja hapo kutoka pande zote, hata kutoka Somalia, na dalali huamua bei kwa neno na kwa imani, kisha malori huvuka daraja la Tana kwenda Nairobi na Mombasa. Nenda Eastleigh, Nairobi. Yale maghorofa ya maduka yalianza kwa nyumba moja ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge, ambapo wakimbizi wa vita vya Somalia, wengi wao wanawake, waligeuza vyumba vya kulala kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mchana kitanda ni meza ya nguo, usiku ni kitanda tena. Nani aliwafundisha hao ujasiriamali? Shida ndiyo iliyowafundisha.

Kilichomzuia shangazi si upungufu wa akili. Ni milango iliyofungwa mmoja baada ya mwingine. Serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya wilaya za mbali mwaka 1902, na nyingine mwaka 1934, mtu asiingie wala asitoke Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini bila ruhusa. Ikaweka karantini, ng'ombe wa huku wasiharibu soko la walowezi. Sisi wafanya kazi twaijua habari hii, kwa maana babu zetu walivaa kipande shingoni. Kipande cha mtu wa Kaskazini kilikuwa ni nchi nzima.

Uhuru ulipokuja, huku ulikuja pamoja na hali ya hatari. Ilitangazwa Desemba 1963, wiki mbili baada ya bendera kupandishwa, na haikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa mistari wakachujwa na kupewa kadi yao peke yao. Muuza maziwa bila karatasi hawezi kusafiri, hawezi kufungua akaunti, hawezi kupata leseni. Ndiyo kwanza Februari 2025 Rais alitangaza mjini Wajir kwamba ule mchujo wa ziada wa kupata kitambulisho umekwisha. Ni jambo jema. Lakini hesabuni wenyewe miaka iliyopita.

Na tuseme kweli hata ikituuma. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme. Maana yake kwa huku ilikuwa: ngojeni. Waziri wa mipango wakati huo alikuwa Tom Mboya, mtu wetu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Twamheshimu kwa mengi. Katika hili Kaskazini ililipa gharama. Katiba ya 2010 imeweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kurekebisha maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Katiba yenyewe basi yakiri kwamba kosa halikuwa la shangazi.

Mtaji haukui ikiwa maziwa yanachacha njiani. Huo ndio upungufu wa shangazi. Somo halitautibu peke yake.

NENO HILI "JIAJIRI" LILITOKA WAPI

Kila siku ya mahafali wakubwa huja na joho, huketi chini ya hema, hunywa maji baridi, kisha husimama wakawaambia vijana: "Msitafute kazi. Jiajirini!" Makofi yanapigwa. Msafara wa magari unaondoka.

Ni vizuri mjue neno hili si la jana. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu Kenya kuchunguza ukosefu wa kazi. Wakaandika kwamba watu wengi wanaishi kwa kazi ndogo ndogo zisizo na leseni, na kwamba Serikali iache kuwabomolea na iwasaidie. Ushauri huo ulikuwa na ubinadamu ndani yake. Mwaka 1985 ukaja mpango wa masomo wa 8-4-4, na mtoto akaambiwa atatoka shuleni anajua useremala na kushona ili ajitegemee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ujasiriamali ukaingizwa katika vyuo vya ufundi, na kila mwanafunzi akatakiwa kuandika mpango wa biashara.

Sasa tazameni jambo jingine lililotendeka miaka hiyo hiyo. Mwaka 1993 Serikali ilianza kupunguza watumishi wake, na maelfu wakapelekwa nyumbani kabla ya wakati. Kwa hiyo somo la kujiajiri liliingia chuoni kwa mlango wa mbele wakati ajira ikitolewa kwa mlango wa nyuma. Je, ni ajabu kijana akilichagua? Ukimfungia mtu milango mitatu ukamwachia mmoja, usimwulize kwa nini amepita pale.

Na mtaji uko wapi? Mwaka 2006 ulianzishwa mfuko wa vijana. Mwaka 2013 ukaja Uwezo. Novemba 2022 ukaja ule wa Hustler, wa kukopa kwa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, ulipe kwa siku 14 na nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka. Ndugu zangu, shilingi 500 hainunui mbuzi. Siku 14 hazitoshi mbuzi kunona. Na watu wengi wa huku ni Waislamu, nao riba hawaikaribii. Umemwambia mtu jiajiri, kisha ukampa mkopo ambao dini yake inamkataza kuugusa. Huko ni kumpa mgonjwa dawa iliyo juu ya mti na kumwambia aruke.

NAFASI ZA KAZI ZIKO

Linalonikasirisha zaidi ni hili. Wanaposema "hakuna kazi", hawasemi kweli. Katika Kaskazini Mashariki kazi iko tele. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa mshahara.

Tukumbuke wenzetu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Siku kumi baadaye waliuawa wafanya kazi 36 wa machimbo ya mawe. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi, watoto wa wafanya kazi na wakulima kutoka kila pembe ya Kenya. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Walimu ikahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Hatuwalaumu waliokwenda. Hakuna mshahara wa kulipia roho. Vyama vyao vilifanya haki kuwapigania.

Lakini darasa walizoziacha zilijazwa na nani? Mtoto wa Wajir au Garissa akaketi mbele ya ubao mtupu. Na hapo hapo dada wa yule kijana, mwenye cheti, mwenyeji, asiyeogopa njia, amekaa nyumbani anaambiwa ajiajiri. Mtu hawezi kujiajiri kuwa mwalimu wa shule ya Serikali! Hawezi kujiajiri kuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji!

Hata walioajiriwa, wengi waliitwa "wanafunzi wa kazi". Mwaka 2024 walimu wa namna hiyo wa sekondari msingi waligoma wakidai kazi ya kudumu. Mwaka huo huo madaktari waligoma siku 56, na malipo ya madaktari wanafunzi yalikuwa katika madai yao. Kijana anayetazama hayo anajifunza nini? Anajifunza kwamba hata ajira siku hizi si ajira.

LAKINI MZEE NAYE ANA HAKI

Nilisema mzee ana nusu ya haki. Sasa nampa haki yake.

Yule kijana alinionyesha mpango wake wa biashara. Anataka kukusanya maziwa ya akina mama, ayatie katika mashine ya baridi, ayapeleke Nairobi. Ameandika vizuri. Soko liko, gharama ya mafuta iko, hata chupa zitakazovunjika amezihesabu. Nikafika mahali palipoandikwa "watu wa kazi". Ameweka vijana wawili, na mshahara wa kila mmoja.

Ni lazima mjue kwamba kijana huyu hufanya kazi dukani jioni, kuanzia saa kumi hadi saa nne usiku, siku saba za wiki. Hana barua ya kazi. Hana likizo. Hulipwa mkononi, na siku ambayo hakuja hukatwa. Amenilalamikia mara nyingi. Basi nikamwuliza: "Mshahara huu uliowaandikia hawa wawili umeutoa wapi?"

Akasema: "Ndio ninaolipwa mimi."

Nikamwuliza: "Na wewe wakutosha?"

Alinyamaza. Halafu akasema: "Mzee, nikiandika zaidi, faida haionekani katika mwaka wa kwanza. Mwalimu ataukataa mpango."

Ndugu, hapo ndipo penye ugonjwa wote. Kijana mwema, mwenye machungu ya kunyonywa usiku wa jana, ameketi asubuhi akapanga kumnyonya mwenzake, wala hakutambua. Hana roho mbaya. Karatasi aliyopewa ina nafasi ya mtaji, ya soko na ya washindani, lakini haina mahali pa kuuliza: huyu mtu wa kazi ataishije?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haisemi kwamba duka dogo limesamehewa. Yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe mkataba. Yasema mtu apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Yasema kibarua akifanya kazi mwezi mzima bila kukatizwa asihesabiwe tena kibarua wa kutwa. Na Katiba, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na ya kuingia katika chama. Je, mambo haya yanafundishwa katika somo la ujasiriamali kwa uzito ule ule wa faida na hasara? Yule kijana alikuwa hajayasikia. Niliyoyasema mimi pale kwenye benchi la chai ndiyo yalikuwa somo lake la kwanza.

Basi mzee, ukisema kijana huyu kesho atakuwa tajiri, yaani mwenye kuajiri, umesema kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatuna budi kumkaribisha leo. Udongo uwahi ungali maji.

TUNAYOYATAKA

1. Nafasi za walimu na wauguzi zilizo wazi katika Garissa, Wajir na Mandera zijazwe kwa ajira ya kudumu, wenyeji wenye vyeti wakiwa wa kwanza, na wanaotoka mbali wapewe ulinzi wa kweli. Mpaka hapo, asisimame mkubwa yeyote katika mahafali akatuambia "jiajirini".

2. Mikopo ya vijana itolewe bila riba, kwa kiasi kinachonunua kitu, na kwa muda unaolingana na kazi. Anayefuga apewe muda wa mfugaji.

3. Sheria ya kazi ifundishwe katika kila darasa la ujasiriamali, na mpango wa biashara usiolipa mshahara wa halali usipewe alama. Biashara ambayo haisimami bila kumnyima mtu wa kazi haki yake haijasimama bado.

4. Chama chetu kifungue mlango. Mwaka ule ule wa 1972, wakati wataalamu walipokuwa wakiandika habari zetu Nairobi, akina mama wauza mboga na wachukuzi wa mizigo wa Ahmedabad, India, walianzisha chama chao, SEWA. Ofisi ya kazi ilikataa kukiandikisha. Ikawauliza, mtakuwaje chama cha wafanya kazi na hali hamna tajiri wa kugombana naye? Wakajibu kwamba chama ni umoja wa wafanya kazi wenyewe kwanza. Wakaandikishwa. Ikiwa mama muuza mboga wa Ahmedabad ameweza, mama muuza maziwa wa Garissa atashindwa na nini?

Shangazi wa yule kijana hana tajiri wa kumgomea. Lakini ana ushuru wa soko, ana bei ya lori, ana barabara mbovu. Peke yake hubembeleza. Wakiwa mia wataketi mezani. Hiyo ndiyo kazi tunayoijua sisi, na hakuna chuo kinachoifundisha kuliko chama.

Kwa kumaliza, nawaarifu kwamba yule kijana aliuchukua mpango wake akarudi nao. Baada ya wiki mbili alikuja. Amepunguza mashine, akaanza na ndogo. Badala ya watu wawili ameweka mmoja, mwenye barua ya kazi, mwenye siku ya mapumziko, na mshahara wa halali. Faida ya mwaka wa kwanza imeondoka. Imeanza mwaka wa pili. Mwalimu wake bado hajausahihisha, na sijui atasema nini.

Nimemwalika mkutano ujao. Mzee wetu, nakuomba umwekee nafasi karibu nawe, umwulize mwenyewe.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Garissa